Kona ya Mawe Meupe

Sorcha Nestor, mpima ardhi, aliweka kompyuta juu ya boneti ya gari, akaanza kuchora mistari ambayo droni ingefuata juu ya malisho ya kijiji cha Kilbrack. Kila picha ilipaswa kuipandia nyingine kidogo, kama vigae vya paa, usije ukabaki ufa kwenye ramani ya barabara mpya. Upepo wa baharini ulikuwa unapanda. Ukizidi, hakuna kuruka, na kesho asubuhi matingatinga yanaingia.

"Kona ile yenye mti wa miiba iache," alisema Fergal, injinia wa barabara, huku akitafuna mkate wake wa soseji. "Unamaliza betri bure."

"Kuna watoto pale, Fergal."

"Hawakubatizwa, wala padri hakuubariki udongo ule. Kwa ofisi yetu si makaburi, ni nyasi za ng'ombe."

Bríd, mama yake Sorcha, alikaa garini na chupa ya chai. Kabla Sorcha hajazaliwa, alijifungua mvulana aliyeishi muda wa kuchemsha birika tu. Mumewe alimbeba jua likizama, kwenye sanduku la viatu, akamzika pale penye wenzake, akamwekea jiwe jeupe, akarudi kula viazi. Mume huyo alikufa bila kumwambia mkewe ni jiwe lipi.

Sorcha akaivuta mistari mpaka kwenye mti wa miiba.

"Haya, shauri yako. Ikianguka usije kunililia."

Droni ilipanda. Ilipofika juu ya kona ilianza kuyumba, betri ikashuka vibaya, taa nyekundu ikawaka. Fergal aliacha kutafuna.

"Irudishe! Irudishe, wewe!"

Hakuirudisha. Droni ilimaliza mstari wa mwisho, ikatua kwenye matope kama bata aliyechoka.

Programu ya kompyuta ilipoziunganisha picha, watoto walikuwemo. Walikuwa wamelala chali kwenye nyasi, kila mmoja kando ya jiwe lake, wakitazama juu.

"Si programu hufuta chochote kinachosogea?" aliuliza Fergal.

"Hufuta. Hawa hawakusogea."

Fergal aliikuza picha. "Yule ana masikio ya marehemu baba yako," alisema, akapangusa makombo kwenye skrini.

Bríd alishuka garini, akatazama.

"Ndiye. Tena hana kofia, na upepo wote huu."

Ofisi ya barabara iliisifu ramani jioni ile ile. Watoto waliandikwa "mawe madogo", na barabara ikabaki imenyooka vilevile, ikipita juu yao.

Asubuhi, matingatinga yakinguruma getini, Bríd alivuka matope moja kwa moja hadi kwenye jiwe la mwanawe, akapiga magoti, akalivisha kofia ya sufu.

"Irushe tena, mwanangu," alisema. "Chini kidogo. Kaka yako anapenda kuitazama."

Sorcha akatia betri mpya. Dereva wa tingatinga la mbele alizima injini, akavua kofia yake, akangoja. Droni ilipotua, aliivaa tena kofia, akawasha injini.