Mgonjwa Kidogo

Sanda ya mama niliifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tairi bovu, nikaikagua mara mbili isije ikachafuliwa na mnyororo. Jua lilikuwa limekwisha panda. Tangu alfajiri Banza, mfanyakazi wa reli, alikuwa amebisha mlangoni kwetu Dilala na ujumbe wa dada yangu Adolphine kutoka Lubudi.

"Tata Muamba, mama iko mugonjwa kidogo. Uende mbio."

Kwetu, watu wa Kasai, msiba haumwagwi mlangoni kama maji machafu. Aliye mbali huambiwa mzazi wake ni mgonjwa kidogo, apate nguvu ya kusafiri. Akifika, kilio chenyewe kitamweleza. Baba alikuwa "mgonjwa kidogo". Kaka yangu pia, na tulimkuta amekwisha zikwa. Kwa hiyo mke wangu Mbombo alipiga ukelele Banza akiwa bado kizingitini.

"Lakini mi nasema mugonjwa," Banza alilalamika.

Nani alimsikiliza? Tulimwona mtu mwenye adabu. Tukazunguka soko zima kutafuta kitambaa cheupe, maana mwaka ule wa sabini na sita hata sabuni ilikuwa ya kubahatisha.

Kisha nikashuka bondeni. Nyasi zilinipita kimo, na matope ya Lualaba yalishika tairi hata nikawa nasukuma zaidi ya kupanda. Sikujali. Haraka ya nini? Maiti hamkimbii mtu. Penye mafunjo nilikaa nikala mihogo, nikamlilia mama kwa nafasi, halafu nikasinzia. Ndiyo, nilisinzia! Nilipoamka jua lilikuwa limepinda. "Mwenda pole hajikwai," nilijiambia. Loo, mjinga hakosi methali.

Niliingia Lubudi jua likikaribia kuzama. Kilio kilikuwa kibichi. Mtu aliyezoea matanga hadanganyiki: sauti za siku ya pili hukauka, na hizi zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza. 

Adolphine alinijia akiburura kitenge.

"Yaya, kaka yangu, amezimika sasa hivi! Maji ya kumuosha ingali ku moto. Kila kengele ya baiskeli ikilia, anauliza: ni Muamba?"

"Ulimtuma Banza aseme nini?"

"Mugonjwa kidogo. Ilikuwa homa tu, yaya. Leo ndiyo ikamuzidia." Akanitazama. "Ulitoka saa ngapi?"

Nilivua koti nikalitupa juu ya keria, sanda isionekane.

"Palepale," nikasema. "Banza hata hakumaliza kusema."

Akanikumbatia. Mwongo mkubwa mimi, nikalia begani kwake, na machozi yalikuwa ya kweli.

Wanawake wakaleta karai la maji. Mama Laurentine, jirani, akapiga magoti mbele yangu akanivua kiatu.

"Muone hii matope," akawaambia wenzake. "Mutoto mwema huyu. Amekimbia siku nzima kwa ajili ya mama yake."

Nikampa na mguu wa pili.