Moyo Wangu Uwanjani

Jana mchana nilipitiwa na usingizi juu ya cherehani, nikaota niko palepale, nashona sare za shule. Macho yalikuwa mazito kama siku zote hizi. Nikachukua kopo jingine la kinywaji cha kuongeza nguvu.

"Mwantumu," likasema kopo, "nguvu nimpe nani?"

"Si nipe mimi."

"Wewe umekaa. Mimi kazi yangu kukimbiza. Nitampa moyo."

Nikanywa. Moyo ukafungua kifua taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa, ukashuka sakafuni, ukatimua mbio.

Naufuata. Chumba kimekuwa uwanja wa mpira wa vumbi jekundu, jua la utosi. Moyo unazunguka peke yake. Jukwaani wamekaa makopo matupu, wanapiga makofi.

Kaka yangu Mbaraka yuko kati yao. Alikuwa dereva wa lori, akafia kwenye usukani mwaka juzi, kijana kabisa. Tulipolisafisha lile lori, makopo yalijaa chini ya kiti. Sasa amepakata moyo wake, kaufunga kwenye taulo. Haupigi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Ule unaokimbia ni wako?"

"Wangu."

"Na wangu ulianza vilevile. Nikadhani una furaha."

"Sasa nifanyeje?"

"Uite. Ila usiupigie kelele."

Nashuka, napiga magoti njiani. Moyo unakuja, unahema, umepauka.

"Basi," nauambia. "Njoo ulale."

"Na sare za watoto?"

"Zitachelewa."

"Wazazi watasema."

"Waache waseme."

Ukapunguza mwendo, ukatembea, ukasimama mbele yangu. Nikageuka ili Mbaraka auone. Jukwaa lilikuwa tupu. Nikaubeba kwa mikono miwili, kama kichanga, nikalia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nilipoamka nilikuwa kitandani. Mume wangu, Sefu, alikuwa ameniinamia, kiganja chake kifuani mwangu, ndani ya gauni.

"Afadhali," akasema. "Nilipokubeba moyo ulikuwa unadunda hata hauhesabiki. Sasa umetulia."

Kisha akautoa mkono, akautazama.

"Mke wangu, hii nini tena?"

Kiganja chake kilikuwa chekundu kwa vumbi. Nikafungua vifungo. Gauni lilikuwa safi. Vumbi lilikuwa kwenye ngozi, upande wa kushoto, bado lina joto la jua.