Kikao cha Tumbo Langu

Daktari Kornelio alichora tumbo langu kwenye karatasi, kisha akaigeuza karatasi imwelekee mume wangu.

"Kuna njia mbili, mzee," alimwambia Shimba. "Ya kwanza, tunafanya yote kwa mkupuo mmoja: tunapunguza tumbo na kubadilisha njia ya utumbo siku hiyohiyo. Atapungua sana, lakini atakaa muda mrefu kwenye dawa ya usingizi, na kwa pumzi zake hizi, hiyo ni hatari. Ya pili ni kwa awamu. Tunapunguza tumbo kwanza. Uzito ukishuka na moyo ukipata nafuu, mwakani tunamalizia. Ila ni kupasuliwa mara mbili."

Shimba aliitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa hapohapo, kwenye benchi la ukutani, maana viti vya ile hospitali binafsi ya Dar es Salaam vilikuwa na mikono ya chuma na havikunipokea. Ukubwa wangu wote ule, na bado hakuna aliyeniona!

"Mkajadiliane nyumbani, kisha mniletee jibu," daktari alisema. Alimwambia Shimba, bila shaka.

Nina mgahawa Mikumi, kando ya barabara kuu. Madereva wa malori wanaotoka Tunduma hupanga safari zao kwa supu yangu. Kwa miaka mingi unene wangu ulikuwa sifa ya mume wangu. "Shimba anajua kutunza," watu walisema, naye akatabasamu kana kwamba ndiye aliyenibeba. Sifa zilikuwa zake, magoti yalikuwa yangu. Sasa ninalala nimeketi, nimezungukwa na mito, kwa sababu nikilala chali pumzi hukatika, nikashtuka kama mtu anayezama. Sikuutaka wembamba wala magauni ya wasichana. Nilitaka kulala kitandani kama watu wengine.

Lakini Shimba alisema lazima twende kwanza Magomeni, pale Kilosa, kwa mama yake. Kaka yake Mashauri naye angekuja kutoka Msowero aliko na mifugo.

"Kikao cha nini?" niliuliza. "Tumbo ni la ukoo?"

"Mke wangu, jambo kubwa haliamuliwi na mtu mmoja."

Huyo mtu mmoja nilikuwa mimi.

Basi tulipofika kwa mama mkwe, nikapika. Ndiyo, mimi mgonjwa ndiye niliyewapikia wali na kuku, nikawanawisha mikono, nikakaa mkekani pembeni na kusikiliza jinsi nitakavyokatwa.

Mama mkwe alianza. "Mwanamke akikonda ghafla hapa mjini, watu hawaulizi. Watasema ana virusi, na kwamba mwanangu ndiye aliyemletea. Uso wangu nitauficha wapi? Mwacheni alivyo."

Mashauri alimaliza paja la kuku, akajifuta mdomo. "Mama, ugonjwa ni ugonjwa. Lakini mimi nasema wafanye yote siku moja. Hizi ni zama za soko huria. Hawa madaktari wa binafsi wanataka mteja arudi rudi. Mzigo unachukuliwa jumla, sio rejareja. Apasuliwe, ashonwe, arudi kwenye mgahawa wake."

"Na akifa mezani?" Shimba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mungu ndiye anayepanga."

Nitasema ukweli. Njia nzima kutoka Dar es Salaam mimi mwenyewe nilikuwa naegemea ile ya mkupuo mmoja. Nilichoka, nilitaka yaishe. Lakini kuyasikia maneno hayohayo yakitoka kwenye mdomo uliong'aa mafuta ya kuku wangu, kifo changu kikitajwa na kupitishwa kama chumvi, damu ilinichemka. Mungu alitwishwa lawama mapema, na mimi sijaulizwa hata kama nasikia maumivu!

Nikainuka. Kuinuka kwangu ni kazi. Nilishika ukuta, nikapumua, wakanisubiri wakidhani nakwenda kutoa vyombo.

"Shemeji, unakumbuka siku ya mahari yangu?"

Mashauri alishangaa. "Nakumbuka vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji."

"Baba yangu Maduhu alitaka ng'ombe wote siku moja. Wewe ulimjibuje?"

Alijikuna shingo. "Nilimwambia ng'ombe wengi hawahamishwi kwa siku moja. Watangulie nusu, wazoee maji na malisho ya kule. Wakionekana wazima, nusu nyingine ifuate. Ukiwaswaga wote wakafia njiani, zizi lote limekwisha."

"Na baba alikubali?"

"Alikubali. Lilikuwa neno la busara."

"Lilikuwa la busara," nilisema. "Sasa mbona mimi unaniswaga mzima mzima?"

Shimba aliinamisha kichwa. Mama mkwe alinikazia macho. "Marciana, unajilinganisha na ng'ombe?"

"Hapana, mama. Ng'ombe walifikiriwa."

Nilitoka nikawaachia vyombo vyao na mifupa yao, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika nyumba ile, sikurudi kuviosha.

Tuliporudi hospitali, daktari alimgeukia Shimba kama kawaida. "Enhe, mzee, mmeamuaje?"

Shimba alikohoa. Aliniangalia, akaangalia sakafu. "Muulize mwenye tumbo," alisema.

Nilidhani nitafurahi. Badala yake woga ulinishika. Hasira ilikuwa imenifikisha pale mlangoni, kisha ikaniacha niingie peke yangu. Kama ningekosea, hapangekuwa na shemeji wa kumlaumu.

"Nikianza na hiyo ndogo," niliuliza, "naweza nisiamke?"

Daktari Kornelio alivuta kiti chake hadi kwenye benchi langu. "Inawezekana, mama. Nafasi ya hilo kutokea ni ndogo kuliko kufanya yote pamoja, lakini sitakudanganya kwamba haipo."

"Na baada yake, nitalala chali?"

"Natumaini. Wengi pumzi zao hupata nafuu kadiri uzito unavyoshuka."

Nilimtazama Shimba. Alikuwa analia kimyakimya, na sikumbembeleza.

"Basi anza na hiyo."

"Vizuri. Na ya pili tuipange mwezi gani mwakani?"

"Ya pili," nilisema, "utaniuliza."