Kibwagizo Kilichomuua Bibi Yangu

Jana usiku, hasira za sinema zikiwa bado kifuani, niliota nimeitwa Pangani kumzika bibi yangu kwa mara ya pili.

Mara ya kwanza alikufa kwa uzee, kitandani kwake, akilalamika kwamba chai haina sukari. Lakini jana jioni dada yangu Mwanaharusi alikuwa amenipeleka kuangalia filamu ya mapenzi ya enzi za Mjerumani, kuhusu mshairi Sefu Mkomwa na mwanamke aliyemtungia mashairi. Mwanamke huyo ni bibi yetu, Mwanakheri. Katika filamu anampenda mshairi kupita kiasi, anakohoa kwenye leso ya hariri, kisha anakufa angali kijana mbichi. Ukumbi mzima ulilia. Mimi nilitoka nimefura. Aliyekufa kijana mbichi alimzaa vipi mama yangu?

Basi nafika Pangani. Mji umepakwa rangi upande mmoja tu, ule unaoonekana na kamera. Upande wa pili ni mbao na misumari. Njia ya kuingilia imezibwa na mizani ya sokoni, ya sahani mbili, imevaa kanzu.

"Humu ndani ni shairi," inaniambia. "Haingii mtu asiyetimia nane kwa nane. Jina?"

"Saumu Kombo."

"Pungufu. Jazia."

Nikavuta pumzi. "Mimi Saumu wa Kombo, nimekuja nina mambo."

Sahani zikatulia sawasawa. "Pita," ikasema. "Na vina umeweka. Ahsante."

Napiga hatua moja, niko ghorofani. Bibi amelala kitandani, kijana, amepakwa wanja mpaka kwenye masikio. Pembeni yake amekaa Sefu Mkomwa, amejishika shavu. Mbele yao imesimama kamera yenye miguu mitatu, nayo ndiyo inayotoa amri.

"Kohoa, bibie."

"Sina kikohozi," Bibi akajibu.

Leso ikakohoa kwa niaba yake.

"Shingo yako ni mnara," mshairi akasema, na shingo ya Bibi ikaanza kurefuka. "Macho yako ni nyota," akasema tena, na macho yakamtoka, yakapaa, yakaenda kukaa juu angani. Bibi akabaki anapapasa shuka.

"Nani huyo aliyeingia?" akauliza kutoka huko juu kichwa kilikofika.

"Ni mimi Saumu, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu mwambie huyu baba anyamaze. Shingo inaniuma."

Kabla sijafungua mdomo, likaingia jitu moja lenye sauti ya ngoma. Lilikuwa Kibwagizo, ule mstari unaorudiwa mwisho wa kila ubeti. Likasimama katikati ya chumba, likanguruma:

"Naye akafa kwa huba, na mji ukanyamaza!"

Bibi akafa. Kuku wote wa Pangani wakanyamaza. Kisha Bibi akafufuka, akapangusa mdomo. "Tangu asubuhi ni hivi hivi," akasema. "Nimechoka."

Nikamgeukia mshairi. "Bwana Sefu, sema kweli mbele yangu. Huyu mwanamke alikupenda?"

Akatazama chini. "Alinikataa. Aliniambia nina maneno mengi na kazi sina."

"Sasa huba ya kumuua ameipata wapi?"

"Mimi ndiye niliyekuwa na huba," akasema taratibu. "Lakini nilitaka kuishi."

Nikamnyooshea kidole. "Kwa hiyo ukamuua yeye!"

"Aliyekataa posa hamlizi mtu," kamera ikaingilia. "Watu wamelipa kiingilio waje walie."

"Wakawalilie bibi zao!" nikafoka. "Huyu wangu alizaa, akajenga nyumba, akagombana na mtaa mzima, na kwenye harusi yangu alicheza mpaka akavunja kiatu. Mmeyapeleka wapi hayo yote?"

Nasikia mchakacho kwenye ngazi. Sanda inapanda juu, peke yake, bila haraka.

Kibwagizo kikaniinamia. "Mama, mimi ni maneno tu niliyopewa. Nipe mengine ya mizani ile ile na vina vile vile, nitayasema hayo. Lakini fanya upesi."

Mimi sijawahi kutunga hata salamu za kadi. Sanda imeshafika mlangoni, inajikung'uta vumbi.

"Bibi!" nikaita. "Siku ile ulifanya nini?"

"Siku gani?"

"Siku aliyoleta posa!"

"Nilikuwa nakula," akasema. "Nikala, nikashiba, nikanawa mikono, nikairudisha posa yake."

Nikaanza kuhesabu kwenye vidole, jasho linanitiririka. Kisha nikapaza sauti:

"Naye akala kashiba, posa akairejeza!"

Kibwagizo kikayatafuna maneno, kikayaonja, kikatingisha kichwa kwa kuridhika. Kiliponguruma, nyumba ilitikisika. Shingo ya Bibi ikarudi mahali pake. Macho yakashuka, moja baada ya jingine, likiwemo la kushoto lililochelewa. Sanda ikajitandaza mezani, ikawa kitambaa cha meza. Kamera ikakunja miguu, ikaondoka bila kuaga.

"Na mimi je?" mshairi akalia.

"Wewe katafute kazi, baba," Bibi akamwambia, wala hakuwa na ubaya.

Chakula kikaletwa, wali wa nazi na samaki. Bibi akafinyanga tonge nono, akanitia mdomoni kama zamani.

"Kula, umekonda kwa hasira," akasema. "Angalia miiba."

Hapo nikaamka. Kumekucha, Mwanaharusi amesimama mlangoni na kikombe cha chai, anashangaa ninachochokoa menoni.

Nimekitoa, nimekiweka kiganjani. Ni mwiba wa samaki. Jana usiku sote wawili tulikula mkate na chai tu, tukalala.