Swali la Kaunta ya Nne

Waraka ulibandikwa asubuhi nyuma ya kaunta zote nane, usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Kuanzia saa sita mchana siku hiyo, raia wa nchi tano zilizotajwa hawangepokelewa tena kule ndege ya saa saba ilikokuwa ikienda. Aliyekwisha kupitishwa kaunta kabla ya saa sita angepokelewa. Baada ya hapo mlango umefungwa, viza awe nayo asiwe nayo. Chini kabisa palikuwa na sentensi moja zaidi, imebanwa kama mtu aliyechelewa kikao: wafuasi wa dini za wachache katika nchi hizo wangeweza kufikiriwa, kwa idhini ya msimamizi wa zamu.

Binti wa kaunta ya nne aliusoma mpaka mwisho, kisha akaurudia. Ndiyo tabia yake. Tangu aanze kazi miezi saba iliyopita wenzake walikuwa wamempachika jina la Herufi Ndogo, kwa sababu alisoma hata yale yaliyoandikwa ili yasisomwe, na kwa sababu sauti yake nayo ilikuwa ndogo, ya kumfanya abiria ainame na kuuliza, "Umesema?"

Jirani yake wa kaunta ya tano walimwita Mizani. Huyo hakuwahi kumwachia mtu hata nusu kilo. Siku mama yake mzazi aliposafiri, alimfungulisha sanduku mbele ya watu akamwondolea jozi mbili za viatu, na mama akasafiri akinuna.

"Kwangu mimi wamechelewa," Mizani alisema, akiuonyesha waraka kwa kidevu. "Nyumba ni yangu, mlango ni wangu. Nikiwachoka wageni wa mtaa fulani nafunga. Nimweleze nani?"

"Ukifunga, umefunga kwa wote," Herufi Ndogo alisema.

"Kwa nini kwa wote? Nafunga kwa wanaoniletea balaa."

"Na unawajuaje?"

"Pasipoti hiyo hapo. Imeandikwa."

Herufi Ndogo aligeukia kaunta yake. Majibu yake mazuri humjia akiwa nyumbani, mikono imo ndani ya povu la vyombo, na wa kumjibu hayupo. Akapanga upya vibandiko vya mizigo ambavyo vilikuwa vimeshapangika.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini na mbili mzee mmoja alipofika mbele yake, koti limepigwa pasi mpaka linang'aa viwikoni, sanduku la bluu limefungwa kamba. Aliweka pasipoti juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayeweka yai. Herufi Ndogo akaona jalada lake kabla hajaigusa. Ilikuwa ya nchi ya tatu kwenye orodha.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia redioni. Nimechukua teksi, mimi ambaye sijapanda teksi tangu nizaliwe." Alijaribu kucheka. "Nimewahi?"

Hapo ndipo alipofanya kosa lake. Ofisi ile ilikuwa na desturi: pasipoti yenye utata haisemwi kwa mdomo, abiria asije akaaibika au akapandisha sauti. Karani huiinua tu juu ya bega, na msimamizi, popote alipo ukumbini, huiona na kuja. Mkono wa Herufi Ndogo uliinuka wenyewe, kwa mazoea ya miezi saba. Ulipofika juu ndipo alipokumbuka kwamba hakukuwa na utata wowote. Saa sita ilikuwa bado. Angeweza kubonyeza tu, mzee apite zake. Aliushusha haraka, lakini viatu vya msimamizi, Bi Zamu, vilikuwa vimeshaanza kulia sakafuni.

Bi Zamu alikuwa mwanamke wa haki, kwa jinsi msimamizi anavyoweza kuwa wa haki akiwa na mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Aliifungua pasipoti, akaipitishia macho, akaifunga.

"Unakwenda kufanya nini huko, baba?"

"Kumlea mjukuu. Ana miaka mitatu. Mama yake, binti yangu, anapasuliwa keshokutwa. Ana uvimbe tumboni. Wamemwambia kama hana mtu wa kukaa na mtoto, kitanda anapewa mwingine, na yeye arudi kwenye foleni. Foleni ya miezi tisa." Mzee alisema yote hayo kwa pumzi moja, bila shaka alikuwa ameyarudia ndani ya teksi. "Uvimbe wenyewe haujui kusubiri foleni."

"Na kazi yako?"

"Fundi wa meno ya bandia. Miaka thelathini na moja nipo hapa mjini. Nusu ya wazee mnaowaona wakitafuna, wanatafuna kwa mikono yangu."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka. Bi Zamu aliitazama saa ya ukutani. Ilibaki robo saa.

"Mwaka jana tulipitisha mtu, akarudishwa na ndege ile ile," alisema polepole. "Kampuni ikatozwa faini. Karani aliyempitisha yuko nyumbani mpaka leo anahesabu mabati. Sasa, baba yangu, mimi nataka kukusaidia. Nijibu swali moja tu. Wewe ni wa dini gani?"

Mzee aliinua macho. Abiria wa nyuma yake, aliyekuwa akinung'unika kuhusu foleni, akasogea asikie.

"Ya nini hiyo?"

"Ukiwa wa wale wachache wa kwenu, naweka sahihi sasa hivi. Hata kama kule watauliza, sahihi yangu ipo. Unaondoka na baraka zangu."

"Na nikiwa wa wale wengi?"

Bi Zamu alichukua kalamu kutoka nyuma ya sikio lake akaishika.

"Basi sijibu, mama."

"Mzee, nakutafutia njia."

"Naiona, na nashukuru. Lakini nikisema mimi ni wa wachache, nitakuwa nimekubali kwamba wale wengine wanastahili kurudishwa. Nikisema ni wa wengi, utanirudisha mwenyewe. Lolote nitakalojibu, kuna mtu nitakuwa nimemkana." Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa kaunta. "Niulize mzigo wangu una nini. Niulize kama nina homa. Niulize kama nimewahi kulala selo. Yote nitajibu."

"Jibu tu, mzee," Herufi Ndogo alinong'ona. Alijishangaa. Alikuwa akimsihi mtu afanye jambo ambalo yeye mwenyewe asingelifanya.

Mizani alikuwa ameacha kuhudumia. Aligeuza kiti chake.

"Miaka minne iliyopita," alisema, na hakupandisha sauti, "bomu lililipuka stendi ya mabasi. Walioliweka walitoka huko kwenu. Shemeji yangu alikuwa pale anamsubiri dada. Mimi ndiye niliyekwenda kumtambua. Nilimtambua kwa soksi, mzee. Sasa unaposema hustahili kuulizwa swali, nataka kujua, dada yangu amwulize nani?"

Fundi alimtazama kwa muda. Herufi Ndogo alidhani atajitetea, atasema mimi si wao, kama wasemavyo watu.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Sijui nikwambie nini. Nikiomba msamaha, nitakuwa nimesema ni mimi. Nisipoomba, utaniona sina utu. Unaona nilivyobanwa?" Kisha, akimtazama mdomo, "Unasaga meno ukilala. Ya kulia yamelika. Usiache hivyo, yatakuuma."

Mizani aligeuza uso. Shavu lake la kulia lilikuwa likicheza.

Ilibaki dakika sita. Bi Zamu alitoa simu mfukoni. "Sikilizeni. Bila jibu simpitishi. Napiga simu makao makuu waamue wao. Wewe, usiguse kitu."

"Bi Zamu." Sauti ilikuwa ndogo, na Bi Zamu akainama kidogo ili aisikie. "Makao makuu hawapokei simu kabla ya kuita mara ishirini. Itapita saa sita."

"Ndiyo hivyo basi."

"Waraka unasema aliyepitishwa kabla ya saa sita anapokelewa. Haukusema aulizwe dini. Swali hilo ni la baada ya saa sita, kwa wale watakaofikiriwa. Saa sita ni saa sita. Sasa hivi huyu ni abiria kama wengine."

"Waraka huo nimeubandika mimi, binti."

"Najua, Bi Zamu. Ndiyo maana nakusomea, sikufundishi."

Masikio yake yalikuwa yanawaka. Hakuwahi kumjibu mkubwa namna ile, hata baba yake. Bi Zamu alimkazia macho, na Herufi Ndogo akaona jambo ambalo hakulitarajia: mama yule alikuwa anaogopa, pengine kuliko yeye.

"Kompyuta inaandika namba ya karani," Bi Zamu alisema mwishowe, chini chini. "Si ya msimamizi. Akirudishwa, ni namba yako itakayosomwa. Mimi nipo kwenye simu. Sijaona." Akageuka, simu sikioni, akaenda kusimama karibu na dirisha, mgongo amewapa.

Herufi Ndogo alivuta kibodi. Jina la mzee lilikuwa refu, na alilikosea mara mbili. Namba ya pasipoti. Namba ya viza. Tarehe ya kuzaliwa. Vidole vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka kufua. Akamwashiria mzee apandishe sanduku kwenye mizani, na taa nyekundu ikawaka. Kilo ishirini na tatu na gramu mia saba. Mia saba zaidi ya ruhusa. Kompyuta ikagoma kuendelea.

Mzee akaanza kufungua kamba. Fundo lilikuwa la mtu aliyekusudia lisifunguke kabla ya kufika. Dakika mbili.

"Andika ishirini na tatu," Mizani alisema. Alikuwa anatazama kioo chake mwenyewe, kama vile anazungumza na abiria mwingine.

"Eti?"

"Umesikia. Andika." Na sauti ikakauka. "Sijabadili mawazo yangu. Andika upesi."

Akaandika. Mashine ikakohoa, ikatema kadi. Saa ya kwenye kadi ilisomeka saa tano na dakika hamsini na tisa. Akamkabidhi mzee kadi pamoja na pasipoti, akataka kumwambia pole kwa binti yake, au safari njema, lakini mzee alikuwa ameshaondoka, nusu anatembea nusu anakimbia, koti linapepea, bila kuaga wala kushukuru. Ilikuwa afadhali hivyo. Mkanda ukalibeba sanduku la bluu ukaliingiza gizani.

Bi Zamu alirudi. Alichukua kitambaa akajifuta shingo.

"Wakimrudisha?" Mizani aliuliza.

"Wakimrudisha tutajua kesho," Herufi Ndogo alisema. Akamwita abiria aliyefuata.

Aliwahudumia wawili. Wa tatu alikuwa msichana wa umri wake, nywele zimelowa jasho, begi la shule mgongoni na sanduku lenye gurudumu moja lililovunjika. Alikuwa amelikokota kutoka mbali, ilionekana kwa viganja vyake. Akaweka pasipoti juu ya kaunta. Jalada lilikuwa lile lile. Herufi Ndogo hakuinua mkono safari hii, lakini Bi Zamu alikuwa hajaondoka.

Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika nne.

"Nimechelewa?" msichana aliuliza. "Chuo kinafungua Jumatatu. Barabara ilikuwa imefungwa, msafara wa wakubwa. Ni dakika nne tu, dada."

Dakika nne. Ni mtu gani aliyebadilika ndani ya dakika nne, Herufi Ndogo alijiuliza, akawa mbaya kiasi cha kufungiwa mlango? Alimtazama Bi Zamu.

"Saa sita ni saa sita, mwanangu," Bi Zamu alisema, na hakuwa anamkomoa. Alionekana mchovu tu. "Wewe mwenyewe umenisomea. Imebaki sentensi ile ya chini. Muulize."

"Mimi?"

"Ni abiria wako. Akiwa wa wachache naweka sahihi."

Mizani alikuwa ameinamisha kichwa. Herufi Ndogo alifikiria kukataa. Lakini akikataa kuuliza, atakuwa amemfungia msichana mlango uliobaki, kwa ajili ya kujisafisha roho mwenyewe. Na akiuliza, atakuwa ni yeye aliyeuliza. Si waraka, si nchi fulani ya mbali. Ni sauti yake hiyo hiyo.

Aliichukua pasipoti, akainuka, akazunguka kaunta, jambo ambalo makarani hawaruhusiwi, akasimama upande wa abiria, bega kwa bega na sanduku bovu.

"Kuna swali wanataka nikuulize," alisema. "Sioni kama ni haki kukuuliza. Lakini nikinyamaza, hupiti kabisa. Kwa hiyo nakuambia kabla: lina jibu moja linalopitisha na mengine yanarudisha. Na unaweza usijibu. Mzee aliyekutangulia hakujibu, ila yeye aliwahi."

Msichana alimtazama, kisha akautazama waraka nyuma ya kaunta.

"Uliza, dada."

Akauliza. Msichana hakufikiri hata kidogo. Aliitaja dini yake, ile ya wengi wa kwao, kama mtu anayetaja mtaa anaokaa. Kisha akanyoosha mkono kuchukua pasipoti yake, na kwa kuwa Herufi Ndogo hakuwa ameiachia, kwa sekunde chache waliishika wote wawili.