Miguu ya Safia

Jumanne, tarehe nane Oktoba 2002, saa nne kasoro robo asubuhi, Safia binti Ayoubu alikuwa amefika magotini. Alikuwa akijichora ukutani kwa kipande cha makaa, katika darasa la kwanza la shule moja ya mtaa wa Kasuku. Mwaka ule mji wa Kindu haukuwa na karatasi. Treni haikuja, barabara zilifungwa na vita, na daftari la mwisho lilikwisha kufungiwa karanga sokoni.

"Kila mutoto ajichore mwenyewe," alisema Madamu Fortunée, mwalimu wao. "Picha ya mwenzako usiiguse."

Espoir alijichora masikio mapana kama majani ya magimbi. Wenzake wakamcheka.

"Muache kelele. Haya njo masikio ya baba yangu. Anasikia mpaka Pangi."

Safia alijitia vifungo vitano, ingawa gauni lake lilikuwa na viwili.

"Vingine viko wapi?" Madamu akauliza.

"Viko njiani."

Ndipo kengele, ile rimu ya lori iliyoning'inia uani, ikagongwa kabla ya wakati wake. Amri ilikuwa imetoka juu: watoto wapangwe kando ya barabara, wamwimbie mkubwa mmoja anayetoka uwanja wa ndege. Safia akaacha makaa dirishani, miguu bado. Risasi zilianza wimbo haujafika kiitikio. Watoto kumi na mmoja hawakurudi, Safia na Espoir wakiwamo.

Vita viliisha, kwa wenye magari. Ayoubu, fundi wa chokaa, alimzika mkewe mwaka uliofuata, akabaki na kazi ya kuipaka shule kila mkubwa anapotaka kuja kuitembelea. Picha za watoto waliorudi alizifunika, zikafunikika. Zile kumi na moja zilitokea tena siku ya tatu, zikifikicha macho.

"Baba, chokaa yako inawasha," Safia akasema.

"Njo kazi walinipa, mama."

Tangu hapo alizizunguka kwa burashi. Zilikua kama wanavyokua watoto. Pengo la Safia likapata jino, vifungo vyote vitano vikafika, kichwani akafunga kilemba kama cha marehemu mama yake. Baadaye Espoir akahamia upande wake wa ukuta, na asubuhi moja Safia akaonekana na mtoto mgongoni. Yale masikio hayakuhitaji shahidi. Mama yake Espoir alileta kuku, Ayoubu akapika wali, wakala chini ya ukuta, mambo yakaisha kwa heshima.

Ilibaki miguu tu. Kila Oktoba Ayoubu alimwinulia bintiye makaa.

"Bado, baba. Tuliitwa. Aliyetuita hajaturuhusu kurudi."

Alikuwa mtoto mwenye adabu, na adabu yake ilimwuma Ayoubu kuliko kifo chake. Akaanza kuzunguka maofisini kumtafuta mwenye amri. Direkta wa shule alisema ni kamanda. Kamanda, ambaye siku hizi ni mheshimiwa mwenye kitambi, alisema yeye naye aliambiwa. Waliotajwa kuwa ndio waliomwambia walisema makaratasi yaliungua.

"Muzee, ile ilikuwa serikali ingine," kijana wa mapokezi alimwambia, kwa upole.

Ayoubu alivitazama viti. Viti vilikuwa vilevile, na baadhi ya makalio pia.

Oktoba iliyopita, yule mtoto alishuka mgongoni. Alijichora miguu mwenyewe, yenye vidole sita sita kwa ile haraka ya watoto, akaanza kutembea. Darasa lilikuwa kwenye hesabu za kutoa. Mwalimu alisogeza ubao ampishe, kisha akaendelea. Mtoto akafika ukuta ulipoishia, kwenye fremu ya mlango, akachungulia uani.

"Mama, kuya! Huku inje iko mvua."

"Siwezi. Sijapata ruhusa."

"Ya nani?"

Safia akamtazama baba yake. Ayoubu, makaa mkononi, akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye ofisi za wakubwa, ambako mtu alikuwa anafunga madirisha mvua isiingie.

Mtoto alisubiri, mguu mmoja ukutani, mmoja nje.

"Mama, ruhusa ya nani?"