Kofia ya Vito ya Mwanamkasi

Mwanamkasi wa Shika Adabu alikuwa na maringo, nami sioni haya kusema kwamba yalimstahili. Kwao kijana haozwi kwa kofia ya dukani. Mamake humshonea kofia ya vito kwa mkono wake, akitoboa kitambaa na kuzungushia uzi kitundu baada ya kitundu, na watu huisoma kofia hiyo kabla ya kumtazama bwana harusi usoni. Mwanawe Tsuma alikuwa aoe Mfunguo Mosi, mara baada ya Ramadhani, na vidole vya mama vilikuwa vimevimba kama mihogo. Sindano ilimponyoka. Vidonge vya kutuliza maumivu navyo vilimwasha tumbo hadi akatapika.

Mumewe, Mwinyihaji, akamvusha feri hadi kwa Daktari Jerioth, mjini. Daktari akampitisha kooni mpira wenye kamera, akapata bakteria waliofanya makao tumboni.

"Hawa nitawaua kwa dawa, mama," alisema. "Tumbo litapona. Vidole siwezi kukuahidi. Ugonjwa wako ni kinga ya mwili kuvipiga viungo vya mwili huohuo. Kuna wagonjwa wanaopata nafuu ya viungo bakteria wa tumbo wakiisha, na kuna wasiopata. Sisi madaktari bado tunabishana. Meza asubuhi, mchana na jioni, ukishakula. Anza leo."

Leo hiyo ilikuwa Ramadhani changa. Mwanamkasi hakuwahi kula mchana wa mwezi huo ila kwa udhuru wa wanawake wote.

"Ntaanza baada ya Idi," alimwambia mumewe.

"Baada ya Idi ushone lini? Mola amekuruhusu, wewe wakataa. Wataka kumshinda nani?"

Mwanamkasi akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akashusha pazia, akanywa uji uliopoa, akameza dawa. Wifi yake Dhahabu, asiyejua kubisha hodi, akamkuta kijiko kinywani. Kufikia alasiri mtaa mzima ulikuwa umeshiba habari: Mwanamkasi yuwala mchana, na kwa mikono ile, kofia ataagiza Lamu.

Dawa zikaisha, tumbo likatulia. Idi ilipokaribia, asubuhi moja alikunja mkono na ngumi ikafunga. Kama ni zile dawa au ni rehema tupu, hakuuliza. Alichukua sindano. Vidole viliuma bado, naye akavikaripia kama watoto wavivu, akashona.

Siku ya nikaha, kabla wanaume hawajaondoka kwenda msikitini, Dhahabu aliishika kofia mbele ya wanawake wote.

"Nzuri, wifi. Ya Lamu hii?"

"Itazame vyema."

Dhahabu akaigeuza, akaona karibu na ukingo kitundu kimoja kisichozungushiwa uzi. "Hiki hakikushonwa."

"Nalikiacha kwa ajili yako."

Mwanamkasi akatunga uzi, akaketi mkekani, akashona. Hakukiharakisha kidole. Chumba kizima kilimtazama, naye alitaka atazamwe. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akamwita Tsuma, akamvika kofia mwenyewe na kuinyoosha.

"Funga zangu ntazilipa," alimwambia Dhahabu. "Nikaha ya mwanangu haikuwa na siku nyengine."